Nani Anaosha Sahani Zangu?

Mtu alikuwa anaingia chumbani kwangu nikiwa sipo, anaosha sahani zangu, kisha anaondoka zake. Mimi nilitaka kumjua mtu huyo.

Nikisimulia hivi watu hunicheka. Wananiambia, dada, mwizi wa namna hiyo si ungemwelekeza na kwetu? Wacheke tu. Miaka ile sabuni haikuwepo Tanga nzima. Tulifulia majani ya mpapai, tukaoga kwa dodoki na maji matupu, na mwenye kipande cha sabuni alikificha hata kwa ndugu wa tumbo moja. Sasa katika mji wa namna hiyo, nani aingie chumba cha mpangaji kumwoshea vyombo, tena bure, tena kwa siri? Mtu huyo ana lake jambo. Nakubali kwamba mimi ni mtu wa kushuku. Mama alikuwa akisema nilipozaliwa nilimkodolea mkunga macho kama aliyeniibia. Lakini hata asiyeshuku, hapo angeshuku.

Sahani zenyewe hazikuwa za kulia. Zilikuwa za bati, nyeupe, zile zenye mstari wa buluu mdomoni, na nilizitumia kuchanganyia rangi. Mimi ni mchoraji wa majani na maua. Kazi hiyo niliianzia Amani, kwetu milimani, ambako baba alikuwa kibarua kwenye kituo cha utafiti wa msitu. Msichana wa kubandika majani makavu kwenye karatasi alipoolewa, nikachukuliwa mimi, na baadaye wakaona mkono wangu hautetemeki, wakaniachia na kuchora. Nilichora mshipa kwa mshipa, mpaka kinywele cha chini ya jani. Halafu mambo yakaharibika nchi nzima, karatasi zikaisha, na mshahara ukawa haununui hata sukari. Nikashuka mjini na brashi zangu, nikaanza kutengeneza kadi na picha ndogo za maua ya Usambara na kuziuza kwa mkono.

Na ziliuzwa, usidhani. Kadi za kutoka nje zilikuwa zimekwisha madukani, na watu hawakuacha kuoana wala kupelekeana salamu za Idi na Krismasi. Masista walinunua, maofisa wa mashamba ya mkonge walinunua, na mwenye duka moja la vitabu aliziweka chini ya meza, akimwonyesha mteja aliyemwamini tu. Wakati ule ukitandaza kitu kizuri hadharani, swali la kwanza lilikuwa, umekipata wapi?

Karatasi nilizipata kwa karani wa shamba moja la mkonge lililokuwa limekufa. Zilikuwa ramani za zamani za shamba, nene, safi, na mimi nilichora mgongoni mwake. Rangi nilizitengeneza mwenyewe. Njano ilikuwa manjano ya jikoni, ninayatwanga, nayachuja, nayatia gundi ya mgunga ili yashike. Wekundu ulikuwa gome la mkoko, nililolifuata Tongoni kwa watu waliokuwa wakilichemshia nyavu zao. Nyeusi ilikuwa masizi ya kibatari. Na kwa kuwa karatasi ilikuwa adimu, kabla sijagusa picha nilijaribu brashi pembeni ya sahani. Nilipiga vistari vidogo, vyembamba, vinene, vilivyopinda, safu chini ya safu, mpaka mkono ukae sawa.

Sasa, rangi ya maji ikikaukia kwenye sahani haijafa. Kesho unaidondoshea tone la maji, inaamka. Sahani yenye rangi kavu ilikuwa akiba yangu. Ukiiosha umemwaga jasho langu la juma zima. Ndiyo maana nilipoikuta sahani ya kwanza inang'aa dirishani, nyeupe pe, nilipandwa na hasira. Nikadhani labda nimeiosha mwenyewe nikasahau. Ilipotokea mara ya pili nikasema, ala! Hapa kuna mtu.

Nyumba ilikuwa Ngamiani, kwenye moja ya zile barabara zenye namba. Mwenye nyumba alikuwa mjane wa Kipemba aliyeletwa Tanga na ndoa, mama mnene wa kutembea taratibu, aliyeuza vitumbua asubuhi siku mchele ulipopatikana. Sote tulimwita Bi Mkubwa. Chumba kimoja chake, kimoja cha mwanawe wa pekee na mkewe, kimoja cha vyombo na magunia, na cha mwisho, chenye dirisha la uani, changu. Dirisha lile ndilo lililonifanya nikipende. Mwanga uliingia asubuhi bila jua kali, ukakaa hapo mpaka adhuhuri. Nilikuwa nimezunguka mji mzima kutafuta mwanga wa namna ile, nikaambulia vyumba vya giza ambamo hata sura yako huijui. Ningekikosa kile nisingechora, na nisipochora sili. Kwa hiyo hofu yangu ilikuwa moja tu tangu siku ya kwanza, kwamba ipo siku nitatolewa.

Mwana mwenyewe alikuwa dereva wa malori, anakuja nyumbani siku mbili tatu kisha haonekani. Mkewe alikuwa binti wa Kidigo kutoka upande wa Pongwe, mwembamba, mkimya, wa kufanya kazi kutwa huku midomo imefungwa. Alikuwa ameolewa muda mrefu na hakuwa na mtoto. Bi Mkubwa hakumtukana, la. Alikuwa akikaa mlangoni anachambua mchele, akiwahesabia majirani wajukuu kwa sauti. "Wa nyumba ya pili kapata pacha, mashaallah. Wa kule kona huyu ni wa nne." Binti yule aliendelea kukuna nazi kama hajasikia. Mimi dirishani niliona jinsi anavyoikandamiza ile nazi kwenye mbuzi.

Nikaanza upelelezi wangu. Kwanza nikagundua kwamba zinaoshwa za njano peke yake. Sahani ya masizi haiguswi, ya mkoko haiguswi. Jambo hilo liliniudhi zaidi, maana mharibifu angeharibu zote. Pili, nikainusa sahani. Haikunuka sabuni hata kidogo, ilinukia marashi ya mawaridi. Loh! Nilikaa kitandani na sahani mkononi kama mke aliyekuta nywele ngeni kwenye shati la mumewe. Nani anaosha chombo kwa marashi?

Nikataka kumwaga unga mlangoni nione nyayo, halafu nikajicheka mwenyewe, unga wenyewe ulikuwa wapi? Nikamwaga jivu la jiko, jepesi, ndani ya kizingiti, nikafunga mlango nikaenda zangu sokoni. Niliporudi kulikuwa na unyayo mpana, kidole gumba kimetazama nje. Siku zilizofuata nikawa natazama miguu ya watu wakitoka kuoga. Binti wa Kidigo mguu wake ulikuwa mwembamba kama wa mtoto. Kidole kile kilikuwa cha Bi Mkubwa.

Basi nikajua. Mama huyu anataka nihame, na badala ya kusema ananichokoza ili nihame mwenyewe. Nikaamua sitasema neno. Nikisema, atapata sababu. Kila asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo Bi Mkubwa," naye akaitikia, "Marahaba mwanangu, umeamkaje, kazi zako zinakwendaje?" Kazi zangu! Alizitaja kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia mgonjwa. Mara nyingine alisimama dirishani akichungulia sahani.

"Unaandika nini leo?"

"Siandiki, Bi Mkubwa. Nachora."

"Haya mwanangu. Wewe chora tu." Kisha akatabasamu, akaenda. Tabasamu lile lilinitoa jasho.

Halafu chakula. Ijumaa alianza kuniletea sahani ya wali na samaki, imefunikwa kawa. Wakati mchele ulikuwa wa kupanga foleni! Mimi mtu ananioshea rangi zangu kwa siri, halafu ananilisha? Thubutu. Kulikuwa na paka pale uani, mwembamba, wa kijivu. Nikawa namwonjesha kwanza yeye, nangoja, nikiona bado yuko hai nakula kilichobaki. Paka yule alinenepa mpaka majirani wakauliza anakula nini.

Siku walipokuja kupekua nyumba ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Ulikuwa wakati wa msako wa walanguzi. Watu walikuwa wakitupa mali zao vichochoroni kwa hofu, mwingine anatupa mafuta ya kupikia, mwingine katoni za sabuni. Mgambo wakaingia mtaani kwetu, nyumba kwa nyumba, na walipofika chumbani kwangu wakakuta ramani. Rundo zima. Na chupa za maji ya njano na mekundu.

"Ramani za nini hizi? Nani kakutuma?"

Nikawageuzia nyuma waone maua. Mmoja akasema ujanja wa majasusi ndio huo, mbele maua, nyuma ramani. Hapo ndipo Bi Mkubwa akajitokeza mlangoni, kitambaa kichwani hakijakaa sawa, akasimama katikati yetu na mwili wake wote.

"Huyu ni mtu wangu," akasema. "Mie ndiye niliyemweka hapa. Maua anachora, ya kadi. Mkitaka mtu wa kumchukua nichukueni mie."

Wakaondoka. Mtu mwingine angemshukuru na kulala usingizi. Mimi nililala nikitazama dari. Mama anayetaka nihame, kwa nini asiwaachie mgambo wanihamishe? Kwa nini ajitie matatani kwa ajili ya mpangaji tu, tena wa kuja, tena mtu wa kanisani? Nilimshukuru asubuhi yake, akanipapasa bega, akasema, "Wewe endelea tu na kazi yako, ndilo ninalolitaka." Na juma lile lile sahani ya njano ikaoshwa tena.

Miaka ikabadilika. Ikaja ruksa. Madirisha ya maduka yaliyokuwa matupu yakajaa sabuni za kila rangi, dawa za meno, betri, biskuti. Nguo za mitumba zikatandazwa barabarani. Kadi za kuchapwa nazo zikaja, zinang'aa, nyingine ukizifungua zinapiga muziki, na wateja wangu wa Idi wakanisahau mara moja. Lakini wakaja watalii na wataalamu waliopanda Amani, na hao walitaka kitu cha mkono. Nikapona.

Mwana wa Bi Mkubwa naye aliacha malori ya watu, akapata gari lake bovubovu, akawa anabeba mitumba kutoka mpakani Horohoro. Pesa ikaanza kuonekana. Akanunua redio kubwa, kisha mabati mapya, kisha maneno yakaanza. Mimi niliyasikia yote, dirisha langu lilikuwa pale pale uani. Mashangazi walikuja wakakaa kwenye mkeka, wakasema mwanamume mwenye uwezo haachwi bila mtoto, kuna binti wa watu yupo, amuoe wa pili.

"Na atakaa wapi?" shangazi mmoja akauliza.

Sikuhitaji kuambiwa. Cha vyombo kilikuwa hakina dirisha. Kilichobaki ni changu. Binti wa Kidigo alikuwa anapepeta mchele hatua chache kutoka kwao, na ungo haukusita hata mara moja. Mimi ndani nilishika ukingo wa meza. Nilijua kwamba siku mke wa pili akiingia, mimi nimetoka na yule binti amekwisha.

Lakini Bi Mkubwa, ambaye mimi nilimjua kama adui yangu, akasema, "Tungoje kwanza."

"Tungoje nini?"

"Kuna jambo nalifanya. Halijatimia. Tungoje."

Na hakupandisha kodi. Mtaa mzima wenye nyumba walikuwa wamepandisha, wapangaji wanalia kila kona, mama huyu kanyamaza kama hana habari. Nikajiambia, kuna jambo linapikwa hapa, na mimi ndiye ninayepikwa. Nikaamua kumfungia mlango. Alikuwa na ufunguo wa pili wa mlango wenyewe, kwa hiyo nikaongeza kufuli la kuning'iniza. Siku mbili tu sikuoshewa sahani, na siku hizo mbili Bi Mkubwa hakula, akawa anazunguka uani anauguza kichwa. Nikamwonea huruma nikaliondoa. Hata leo sijui kwa nini nilimwonea huruma mtu ninayemshuku, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Basi nikapata kazi ya picha za lile ua dogo la Usambara, lenye rangi ya zambarau inayoelekea buluu. Mnunuzi alizitaka nyingi, na nilihitaji buluu ya kweli. Buluu ilikuwa imenishinda miaka yote. Hakuna jani wala gome lililonipa. Nikapanda nyumbani, na jirani yetu mmoja mwenye kahawa akanipa mrututu, zile chembe za buluu wanazochanganya kupulizia miti isishikwe na ugonjwa. Mrututu ni sumu, kila mkulima anajua. Nikausaga kwa kitambaa puani, nikautia gundi, nikaumimina kwenye sahani nyeupe. Buluu ile! Nilicheka peke yangu. Nikapiga vistari vyangu pembeni, safu chini ya safu, kwa furaha nikapiga zaidi ya kawaida. Nikaiweka dirishani ikauke, nikachukua ndoo nikaenda bombani.

Hofu haikunijia. Kwa nini inijie? Mwoshaji wangu alikuwa mtu wa njano.

Bombani hakukuwa na maji. Nikageuka mara moja na ndoo tupu, na nilipofungua mlango dirisha lilikuwa wazi, sahani haipo.

Nikasikia sauti ya Bi Mkubwa nyuma ya jiko. Nikatoka mbio. Binti wa Kidigo alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameshika bakuli kwa mikono miwili karibu na kidevu. Bi Mkubwa amesimama mbele yake, chupa ya marashi mkononi. Sahani yangu ilikuwa chini, imelowa, imesafishwa.

"Sema bismillahi unywe mpaka chini," anamwambia. "Leo kabadilisha mwenyewe, katia ya buluu, na maandishi kayazidisha. Hii ndiyo yenyewe, mwanangu."

Nikapiga ukelele ambao nadhani ulisikika mpaka barabara ya pili. "Usinywe! Sumu hiyo!"

Bakuli likaanguka. Maji ya buluu yakatambaa kwenye mkeka. Nikamkamata binti mashavu, nikamtazama midomo, nikamfungua kinywa kama mbuzi wa mnadani. Hakukuwa na buluu. Nikakaa chini, pumzi zimekata.

"Sumu?" Bi Mkubwa alikuwa ameshika kifua. "Umemtilia mkamwana wangu sumu?"

"Sijamtilia mtu chochote! Rangi yangu hiyo, ya kuchorea. Nani kakwambia uichukue?"

"Rangi?"

"Rangi!"

"Na ile ya njano?"

"Manjano, Bi Mkubwa. Manjano ya mchuzi na gundi ya mti."

"Na maandishi je?"

"Maandishi gani?"

"Yale ya pembeni. Safu kwa safu. Miaka yote nayaona."

"Najaribia brashi!" nikasema. Nilikuwa nakaribia kulia. "Najaribia brashi, Bi Mkubwa, hayasemi kitu."

Alijishusha taratibu mpaka akakaa kwenye kigoda. Ndipo akanieleza, na mimi ndipo nikaelewa, maana kwetu milimani, nyumba ya Kilutheri, sikuwahi kuona kombe. Watu wa pwani wanajua. Mwalimu wa chuoni anachukua sahani nyeupe, anaandika aya kwa wino wa zafarani, njano, safu kwa safu, kisha inaoshwa kwa marashi na maji, na mgonjwa anakunywa. Bi Mkubwa alikuwa amempeleka mkamwana wake kwa walimu wote wa mjini bila mafanikio. Halafu nikaja mimi, mwanamke peke yangu kutoka Usambara, nashuka milimani na magome na majani kikapuni, natwanga, nachuja, naandika njano kwenye sahani nyeupe, naianika dirishani. Yeye angefikiri nini tena? Washambaa kwa dawa wanajulikana pwani yote. Aliamini nauficha uganga wangu kwa sababu ya misako, na kwamba maua ni ya kuwazuga mgambo.

"Nikaona nisikuulize," akasema. "Nikikuuliza utakana. Dini yako mie sikuijali, nilimtazama mtoto wangu. Babu yako kwani si mganga?"

"Babu yangu alikuwa mpiga kengele wa kanisa!"

Hakucheka. Mimi mwenyewe, ningekuwa mtu mwingine, ningecheka, maana miaka yote hiyo tulikuwa tunavizana kupitia dirisha moja, kila mmoja na hakika zake. Aliokota sahani, akaifuta kwa upande wa kanga, akanipa. "Chukua chombo chako, dada," akasema. Hakuniita mwanangu. Akaingia ndani, akafunga mlango, na mchana kutwa hakutoka.

Binti wa Kidigo alibaki anakunja mkeka. Nilingoja aniambie ahsante. Ndiyo, nilingoja, kwa nini nisingoje, nilikuwa nimemwokoa roho. Hakunitazama hata usoni.

Jioni ile ile Bi Mkubwa akaja mlangoni kwangu. Alizungumza kwa adabu kabisa. Akasema amenikosea kuingia chumbani mwangu bila ruhusa, nimsamehe. Kisha akasema chumba anakitaka. Mwezi ukiisha.

"Kwa sababu ya leo?" nikamuuliza. "Unadhani nilitaka kumuua?"

"La, hasha. Nimejua hukutaka. Nimejua weye ni mchoraji tu." Akatazama kizingiti. "Mwanangu ataoa. Nilimzuia kwa ajili ya ile dawa. Sasa nimzuie kwa lipi?"

Nilimsihi, si uongo. Nilimwambia nitalipa kodi ya mtaa, nitalipa na zaidi. Akatikisa kichwa. Nikakasirika, nikamwambia maneno ambayo mdogo hamwambii mkubwa, akayasikiliza yote, akaenda kuswali.

Nilipokuwa nafunga vitu vyangu, binti wa Kidigo alikuja na ndoo ya chokaa apake kuta. Alikuwa ametumwa. Akavua kandambili, akafunga kanga kiunoni, akaanzia ukuta wa mlangoni bila salamu. Tulifanya kazi hivyo, mgongo kwa mgongo, mpaka nikashindwa.

"Mdogo wangu," nikasema, "una hasira na mimi ya nini? Ningekuacha unywe mrututu?"

"Nisingekunywa."

"Ulikuwa umelishika bakuli mdomoni!"

Akachovya brashi yake ya makumbi kwenye ndoo. "Dada, ile ya njano nilijua ni nini tangu mara ya kwanza. Nani anayepika katika nyumba hii? Manjano nisiyajue? Nilikuona dirishani unayatwanga. Ladha yake ya mchuzi bila chumvi. Nilikunywa, nikamwambia mama nasikia tumbo linachezacheza, nikamwambia nimeota mtoto. Akawa anawaambia mashangazi wangoje. Miaka yote hii aliwaambia wangoje."

Nilikuwa nimeshika sanduku nikalikalia.

"Na ya buluu?"

"Ya buluu niliiogopa nilipoiona tu. Nilikuwa nishaanza kuliachia bakuli." Aliinua mikono yake miwili, yenye chokaa mpaka kwenye viwiko, akaonyesha jinsi vidole vilivyokuwa vinafunguka. "Lingeanguka, mama angegomba kidogo, ningesema kizunguzungu, tungengoja yako nyingine. Lakini ulipiga kelele. Halafu hukuishia hapo. Ukasema manjano. Ukasema gundi. Ukasema brashi. Ungesema tu ya leo imeharibika, nitafanya nyingine."

Nilitaka kumwambia kwamba sikujua, kwamba angenidokeza hata kwa jicho, nilikuwa pale pale dirishani kila siku, kwa nini hakunidokeza. Nikamwambia hilo la mwisho.

"Wewe?" akasema. "Wewe uliyekuwa unampa paka chakula chetu kwanza?"

Akageukia ukuta. Alipaka mpaka alipofika nilipokuwa nimekaa, chini ya dirisha, akasimama na ndoo yake akingoja.

"Sogea, dada," akasema, "nimalize na hapo. Bibi harusi anaingia Ijumaa."